Tarishi na Daftari la Tusekile

Jumatatu, 4 Julai 1994

Toleo la 61 la gazeti langu limetoka. Mkono unauma kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Kurasa nne, stensili nne za kudurufia. Ya tatu ilichanika katikati ya ratiba ya meli, nikaipiga yote upya. Mchana nimesinzia kichwa juu ya taipureta, hapa hapa pembeni ya duka, na mdogo wangu Ahmada akanifunika kanga akidhani naumwa. Siumwi. Nimechoka. Nimeichoka Tarishi.

Nilidhani sitaandika maneno hayo kamwe. Mwaka tisini na mbili, magazeti ya watu binafsi yalipoanza kumiminika kutoka Dar, nikasema na sisi Kyela tuwe na letu, hata kama ni karatasi mbili zilizobanwa pini. Kila wiki mbili! Siku hizo barua zilijaa kikapu. Safari hii zimekuja tatu. Moja ni ya mtu anayelalamika kwamba jina la marehemu baba yake nimelikosea. Ya pili ni ya mtu huyo huyo, kwa hasira zaidi. Ya tatu inauliza kama tunauza stempu.

Alhamisi, 7 Julai

Tusekile amekuja na vyungu. Ahmada humwuzia hapa dukani. Vinatoka haraka kuliko sufuria zake za bati.

Huyu Tusekile wa Ikombe ndiye aliyekuwa msomaji wangu wa kwanza wa ziwani. Mfinyanzi, mama wa watoto wanne, shule yake ni darasa la saba tu — lakini barua zake! Nilikuwa nazichapa bila kugusa hata nukta. Tangu mfungo wa Ramadhani sijapata hata moja. Leo nikamwuliza, kwa utani, kama wino umeisha huko Ikombe.

Akacheka. Akafungua furushi la kitenge, akatoa kaunta buku nene, pembe zimelegea kwa kushikwa.

— Siku hizi tunaandikiana humu, dada.

Ati wanaliita Daftari tu. Linatoka Ikombe kwa mtumbwi, linafika Matema, linakuja Ipyana, Talatala, Ngonga, kisha linarudi. Kila mwanamke anakaa nalo siku moja, anawasomea majirani, anaandika lake, analipitisha. Hakuna mhariri. Hakuna tarehe ya kutoka. Hakuna mashine. Na kituo chake cha mjini, cha kuliacha na kulichukua, ni wapi? Duka letu! Ahmada alishakubali. Hakuniuliza.

Nikasema, "Vizuri sana, Tusekile." Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumanne, 12 Julai

Nimekwenda kwa Hezroni kuomba siku ya mashine. Mashine ile ya kudurufu ilikuwa ya ushirika. Ushirika ulipofilisika Hezroni akainunua, na ofisi yenyewe. Mwanzo alikuwa asali: leta Bi Mwasiti, nitakuchapia, wewe niachie robo ya ukurasa wa nyuma kwa matangazo yangu. Robo ikawa nusu. Nusu ikawa ukurasa. Halafu akaomba orodha ya wasomaji, nami — mjinga mimi! — nikampa. Sasa anawapelekea vikaratasi vyake vya mbolea na mabati, na wengine wanadhani hiyo ndiyo Tarishi.

Leo anataka ukurasa wa mbele.

Nikakataa, huo ni wa bei ya mpunga. Akasema bei ya mpunga watu wanaambiwa na walanguzi wenyewe, palepale shambani, nani anangoja karatasi yangu? Nilete kitu cha kuwatoa watu machozi, hapo yeye ataniachia ukurasa wangu.

Nimerudi kwa miguu, njia ndefu, nisionane na mtu.

Jumamosi, 16 Julai

Nimemwambia Ahmada nakwenda Matema kununua samaki. Uongo. Nimekwenda gulioni Lyulilo, hapo karibu, kuwaona wanawake wa Daftari.

Walikuwa wamekaa mchangani katikati ya vyungu, majani makavu ya kufungia yamewazunguka kama viota. Tusekile anasoma, Daftari mapajani. Hakuna aliyesema tulieni. Kisa chenyewe ni cha mtu na mama mkwe wake na kuku mmoja, basi! Walicheka mpaka mmoja akajifuta macho kwa upindo wa kitenge. Mwingine akapaza sauti: "Rudia hapo!" Na Tusekile akarudia.

Rudia hapo. Miaka miwili na zaidi nachapa, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia nirudie kitu isipokuwa jina la marehemu.

Nilisimama nyuma ya mafungu ya usipa, dagaa wa ziwani, nimejitanda kanga mpaka puani, kama mgoni. Na Tusekile hajui hata mahali pa kuweka mkato! Anaunganisha sentensi tano kama samaki kwenye uzi. Nimejiambia hivyo njia nzima ya kurudi. Haikusaidia.

Samaki nimesahau kununua.

Jumanne, 19 Julai

Toleo la 62 lilipaswa kutoka jana. Sina kitu. Nimeweka karatasi kwenye taipureta, nimeandika "Ndugu wasomaji," nimeitoa.

Saa nne asubuhi Asifiwe ameleta Daftari. Ni mwalimu wa shule ya msingi huko Ngonga, msichana mpole, sauti ndogo. Ndiye anayeliandikia huko orodha ya nani kalipokea na nani kalitoa. Limefungwa kitenge, kitenge kimefungwa kwa ukindu, mafundo mawili. Tusekile atapita kulichukua Alhamisi.

Nimeliweka chini ya kaunta. Sitalifungua.

Baadaye — nimelifungua.

Ukurasa wa mwisho ni maandishi makubwa, yamesimama mbalimbali kama miguu ya kuku. Nilianza kusoma nikiwa nimesimama. Nikamalizia nimekaa. Nanakili hapa:

"Mimi Anyosisye sijui kusoma. Nawaambia nyinyi tu. Mwaka sabini na tano nilipewa cheti cha elimu ya watu wazima kwa sababu kile kitabu nilikikariri chote. Kwenye kwaya mimi ndiye nasimama mbele. Kitabu cha nyimbo nimekishika miaka ishirini, nakijua kwa vidole. Wimbo wa ubatizo una doa la mafuta. Wimbo wa mazishi umekunjwa pembe. Wimbo wa mavuno ukurasa wake umelegea. Mwaka juzi kanisa likanunua vitabu vipya. Nikafungua, vidole havikuona kitu. Nikalia. Watu wakasema mama ameguswa na Roho. Sasa mwalimu Asifiwe ananifundisha, siri, nyuma ya ghala. Haya nimeandika mwenyewe, kwanza kwenye karatasi. Siku tisa."

Siku tisa! Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne Tabora, nina kamusi mbili na taipureta, na sijawahi kuandika kitu kama "vidole havikuona kitu." Nilimwonea wivu mwanamke mzima aliyejifunza herufi juzi. Wivu wa kweli, wa kwenye koo, kama mwiba wa samaki.

Jumatano, 20 Julai

Nimeipiga kwenye stensili.

Nimetoa jina. Nimetoa Asifiwe. Neno Ngonga halimo. Doa la mafuta nimeliacha, na pembe, na vitabu vipya, na kusimama mbele — ukitoa hivyo hakibaki kitu. Mkato nimeweka pale panapostahili. "Nawaambia nyinyi tu" nimelitoa, linakatisha mwendo.

Nimelifunga kitenge tena. Ukindu, mafundo mawili.

Jumatatu, 25 Julai

Toleo la 62, limechelewa wiki nzima. Ukurasa wa mbele: "Vidole Havikuona Kitu." Chini yake, "Kutoka kwa msomaji wetu." Hezroni aliisoma amesimama karibu na mashine, wino mikononi, kisha akairudia tangu mwanzo. Hezroni! Ukurasa wa mbele sikumpa, naye hakuuomba.

Jumatano, 27 Julai

Nakala zimeisha. Hezroni amechapa nyingine kwa hiari yake. Leo wamenisimamisha sokoni mara nne. Karani wa mahakama — mtu asiyecheka hata na mkewe — ameniambia aliisomea familia nzima chakula kikapoa. Kikapu kina barua kumi na moja.

Bibi mmoja kanishika mkono. Ati, mwanangu, haya umeyaandika wewe? Maneno hayo yana mkono wako.

Sikusema ndiyo.

Sikusema hapana.

Ijumaa, 29 Julai

Nimeamka bila maumivu ya kiwiko. Nimepiga kurasa mbili kabla ya chai.

Jumatatu, 1 Agosti

Mteja wa Ngonga amekuja kununua misumari, akamsimulia Ahmada, nami nikasikia yote kutoka mezani pangu.

Jana kanisani kwao kwaya iliposimama, kuna mtu benchi la nyuma akasema, si kwa sauti kubwa, lakini watu wakasikia: "Mama, tuanzie kwenye doa la mafuta!" Kicheko. Kikaanzia nyuma kikafika mbele. Mama Anyosisye akafunga kitabu, akakiweka juu ya benchi taratibu, kama mtu anayeweka yai, akatoka. Hakurudi kuchukua viatu vyake. Huvivua kila anaposimama kuimba.

Mteja alipoondoka Ahmada akanigeukia.

— Dada, ile barua uliipata wapi?

— Iliandikwa ikaletwa.

— Ililetwa na nani?

Nikamwambia gazeti halitaji watoa habari wake. Kisha akainama akaanza kupanga misumari ambayo ilikuwa imeshapangwa.

Jumanne, 2 Agosti

Jana sikuandika yote. Niandike sasa: niliposikia amelia — maana alilia njiani, mteja alisema — kitu cha kwanza nilichofikiri si "masikini." Nilifikiri: wamekumbuka kila neno. Lile doa wanalikumbuka kwa moyo!

Astaghfirullah.

Ijumaa, 5 Agosti

Tusekile. Bila vyungu leo.

Aliketi kwenye gunia la chumvi, akakataa chai. Macho mekundu. Akasema yeye hakuja kunigombeza, gazeti ni kazi yangu, ukiletewa barua utaichapa. Lakini wanawake wameumia. Lile lilikuwa lao peke yao. Na Daftari lilitoka mikononi mwa mama Anyosisye likaingia kwa Asifiwe, toka kwa Asifiwe likafungwa, likaja kwangu hapa dukani limefungwa, yeye mwenyewe akalifungua Ikombe.

— Mafundo niliyakuta mawili, dada. Kwa hiyo aliyenakili ni Asifiwe. Hakuna mwingine.

Nikasema, "Asifiwe mwenyewe anasemaje?"

— Anaapa. Analia na kuapa. Wenzangu hawataki hata kumsikia. Wanasema alitaka sifa za mjini.

Jumamosi ya wiki ijayo watakutana wote Lyulilo, wa kuanzia Ikombe mpaka Ngonga. Wakihakikisha ni yeye, watamtoa. Na wengi wanasema Daftari nalo lifungwe, maana nani ataandika tena la moyoni? Wananiomba nije niwaambie barua nililetewa na nani.

— Wewe ni mtu wa maandishi, dada Mwasiti. Hutatudanganya.

Nimesema nitakuja.

Alipoondoka nikakaa. Na wazo likaja lenyewe, limevaa nguo safi kabisa: Daftari likifa, watarudi Tarishi.

Jumanne, 9 Agosti

Nimekwenda Ngonga. Sikujua nakwenda kusema nini. Nilichukua viatu kama kisingizio — jozi mpya kutoka dukani, nikakadiria mguu.

Mama Anyosisye alikuwa anaanika mpunga kwenye jamvi, anaugeuza kwa miguu, mistari imenyooka kama shamba lililolimwa. Mwanamke mkubwa, mrefu, sauti inatoka kifuani.

— Ugonile, mwanangu.

— Ndaga, mama. Shikamoo.

— Marahaba. Karibu kivuli. Wewe ndiye wa gazeti.

Si swali. Akaniletea kiti, akaniletea maji, akaniletea ndizi za kuchemsha. Viatu akavipima, vikamkaa vidogo, akashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, ana mjukuu wa kumpa.

Kisha akaingia ndani akatoka na Tarishi. Toleo la 62, limekunjwa mara nne. Akalikunjua juu ya goti, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza kusoma. Mwenyewe. Taratibu, kila silabi anaiinua kama ndoo kutoka kisimani. Nikangoja. Mpunga ukangoja, kuku wakaingia jamvini hakuwafukuza. Alipofika mstari wa pili akasimama.

— Hapa pamepungua. Niliandika "Nawaambia nyinyi tu." Halipo.

Nikasema pengine nafasi ilikuwa ndogo.

— Lilikuwa fupi, akasema. Maneno matatu. — Akakunja gazeti. — Aliyeninakili angekuwa hajali, angeliacha. Amelitoa kwa sababu alilisikia.

Nikairudisha ndizi sahanini.

Nikamwuliza kama naye anaamini ni Asifiwe. Akasema hajui. Asifiwe haji tena nyuma ya ghala. Anaogopa, au anaona haya. Wamekomea kwenye herufi za kuungana. Mb ameiweza. Ng yenye kile kialama juu bado inamsumbua.

— Kicheko kitaisha, akasema. Kicheko ni kitu cha wiki mbili. Lakini nani atanimalizia herufi?

Nilikuwa na nafasi. Jamvi, yeye na mimi, hakuna mtu mwingine. Nilifungua mdomo na nikasema, "Mpunga wako mweupe sana mwaka huu, mama."

Alhamisi, 11 Agosti

Hezroni kaja mwenyewe dukani, si kawaida yake. Anataka zaidi za yule mama. Mfululizo! Kila toleo moja. Mashine wakati wowote nipendao, ukurasa wa mbele wangu mwaka mzima, na ile orodha atanirudishia. Kila kitu ambacho mwezi jana ningemwomba kwa magoti.

Nikamwambia nitafikiri.

Ahmada alikuwa juu ya ngazi akishusha majembe. Akasema, bila kugeuka, kwamba Jumamosi atafunga duka twende Lyulilo wote wawili. Nikamwambia si lazima. Akasema anajua si lazima.

Jumamosi, 13 Agosti

Lyulilo. Naandika kwa penseli, nimeegemea mtumbwi uliopinduliwa. Nimewaambia nahitaji kupanga mawazo kidogo. Wamenikubalia! Mtu wa maandishi.

Wamekuja wengi kuliko siku ile. Nimewahesabu — arobaini na mmoja — na hata leo, hata hapa, kifua kimeniuma kwa wivu kabla hakijauma kwa aibu. Kuna walioacha mavuno. Kuna aliyetembea kutoka Talatala na mtoto mgongoni. Wamekuja kwa ajili ya kaunta buku.

Asifiwe amekaa peke yake, mwisho wa mkeka, na pengo limeachwa kati yake na wenzake, pana la kutosha watu watatu. Mama Anyosisye yupo, kajifunga kitenge cha kanisani. Amekwenda moja kwa moja, amekaa katika pengo lile. Hakumsemesha Asifiwe. Amekaa tu.

Ahmada amesimama kule kwenye vyungu, anavigonga kwa kidole kama mnunuzi. Haniangalii.

Nimerudi mkekani. Asifiwe amenishika mikono yote miwili. Yake ni baridi. Ati ahsante dada kwa kuja, amewaambia tangu juzi kwamba nikifika mimi atasafishika. Nikasema, "Ahsante na wewe." Ahsante na wewe! Ni ulimi gani huu nilionao?

Tusekile amefungua kikao. Kasema jambo la leo litaandikwa ndani ya Daftari lenyewe, ili wa Ikombe walioshindwa kuja walisome kama lilivyokuwa. Mwandishi wao siku zote ni Asifiwe, lakini leo hawezi kujiandika mwenyewe. Kwa hiyo dada Mwasiti aandike. Aandike kwanza alilokuja kusema, kwa mkono wake, kisha alisome kwa sauti.

Wamepiga makofi. Daftari liko mapajani mwangu. Zito kuliko nilivyolikumbuka — na hakuna hapa anayejua kwamba nalikumbuka. Wiki tano nimetamani nafasi ndani ya kurasa hizi, na huu hapa ukurasa mtupu, nimepewa kwa heshima zote, na wote wamenyamaza bila kuambiwa watulie.

Nimeshaandika tarehe. Nimeandika jina langu.

Tusekile ananipa kalamu yake, anasema wakati mwingine inagoma. Nimesema ngoja niijaribu kwanza kwenye karatasi zangu hizi.

Haigomi. Wino unatoka vizuri kabisa.